Moto wa Ndani ya Mbegu

Atupele, washa simu yako inirekodi, kuandika utaandika baadaye. Na uandike kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipeleka maziwa nyumbani kwa mwalimu. Ukiandika Kiswahili cha ofisini watu watajua siyo mimi, ni wewe.

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na chupa ya chai, mkasema, "Bi Feli, tuachie neno." Mkaniwekea na kipaza sauti. Nikamwigiza mkuu, nikamwigiza dereva anavyokohoa akitaka ruhusa, mkacheka mpaka wengine wakatoka nje, tukaenda kula pilau. Neno lenyewe sikulisema. Ndiyo nalisema leo, kwa nyie mliobaki pale maabara ya mbegu. Nilipanda cheo lini na nilikuwa nalipwa nini, hayo siyasemi. Niliingia na fagio, nimetoka na fagio, hapo katikati wakanipa wembe. Basi.

Nilitoka kwetu Igowole nikaja Mbeya kumfuata mume, tukapanga chumba Mwanjelwa. Mume akafa mapema, Mungu amrehemu, nikabaki na watoto na mikono. Mikono ndiyo ikanipeleka pale kufagia. Mkuu enzi hizo alikuwa Bi Zuhura, kwao asili ni pwani, akiongea kama anaimba: "Felistaaa, mwanangu, hapa ndani usiguse kitu usichokijuaaa." Sasa mimi nilikuwa sijui kitu chochote. Nisiguse nini, niguse nini? Nikagusa vyote.

Siku ile ile ya kwanza nilifungua kabati moja lina joto ndani kama kuku ametamia. Nikakuta visahani vya kioo vimepangwa, kila kimoja kina mahindi yamekatwa katikati, yamelala kwenye maji, katikati mekundu. Nikasema, uchafu gani huu, mahindi yametoka damu! Nikamwaga yote kwenye ndoo ya taka. Visahani nikaviosha vikang'aa kama vya harusi.

Akaingia Mzee Anyosisye. Huyu ndiye alikuwa fundi wa maabara, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, koti jeupe linaishia juu ya magoti. Alikuwaga anaongea taratibu kama lori linapanda mlima Kitonga, na neno la mwisho lazima alirudie, kama anaangalia limefika.

"Gwe mama. Visahani vyangu viko wapi? Viko wapi?"

"Nimeviosha, mzee."

"Na waliokuwa ndani?"

"Kulikuwa na mahindi tu, mzee. Yameoza."

Akaangalia ndoo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umemwaga mia mbili," akasema. "Karibu wote walikuwa hai. Walikuwa hai."

Nikajua leo nafukuzwa, halafu nafukuzwa na kichaa. Lakini hakwenda kwa Bi Zuhura. Alivuta kiti, akasema, "Kaa. Nikuonyeshe ulichomwaga." Kazi yangu imeanzia kwenye kiti kile. Mtu mwingine angenipa barua ya kufukuzwa.

Kulikuwa na gunia la mahindi limetoka shambani, halijakauka vizuri, limekaa kwenye kona siku kadhaa. Akaniambia, "Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko." Nikaingiza. Juu baridi, katikati moto! Siyo uvuguvugu, moto, kama unashika tumbo la mtoto mwenye homa.

"Nani amewasha?" akaniuliza.

"Sijui. Labda jua."

"Jua halijaingia humu. Wamewasha wenyewe. Mbegu inapumua, mama. Inapumua."

Akanieleza. Kila punje ndani ina vyumba vingi mno, vidogo kuliko vumbi, ndiyo seli. Kila chumba kina mafiga yake. Pale chakula cha mbegu kinaungua polepole, mwali hauonekani, na nguvu inayotoka ndiyo inafanya kazi zote za mle ndani: kusukuma maji, kuziba nyufa za ukuta, kubeba mizigo toka pembe hii kwenda ile. Lile joto la mkononi ni masalia tu ya ile kazi, kama boneti ya lori inavyochoma. "Moto ukizimika," akasema, "kuta zinavuja, mizigo inasimama. Chumba kipo lakini hakuna mtu. Hakuna mtu."

Nikamwambia, "Mzee, hadithi nzuri." Kumtania tu. Akaona anitafutie dawa. Akaenda mtaroni akarudi na jani dogo moja la majini, akaliweka kwenye hadubini, akanisogeza. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaona. Atupele, wewe ulionyeshwa chuo, hujashangaa, mimi nilishangaa. Vyumba vimepangana kama matofali, na ndani ya kila chumba vipunje vya kijani vinazunguka ukutani, vinafuatana, vingine vinakimbia vingine vinazubaa, kama soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi. Nikacheka peke yangu.

"Nani anawasukuma?" nikauliza.

"Ule moto."

Akadondosha tone la dawa moja ya kuzima pumzi. Nikaendelea kuangalia. Vikapunguza mwendo. Vikasitasita. Vikasimama. Soko zima likasimama, kila mtu na mzigo wake kichwani. Sikucheka tena. Nilikuwa nimezika mume mwaka ule, na nilikuwa sijawahi kuambiwa kifo kinafananaje kwa ndani.

Nikamuuliza, sasa mbegu kavu iliyokaa mwaka mzima kwenye kopo, mbona haina joto, na ukiipanda inaota? Akafurahi kweli, ndiyo nikajua nimeuliza swali la maana. Akaniuliza, "Kwenu usiku moto mnaufanyaje?"

Kwetu Igowole kuna baridi na ukungu, kiberiti kilikuwa cha kuazima. Mama yangu jioni anakusanya makaa, anayafukia majivuni. Ukiangalia unasema jiko limekufa. Asubuhi mtu anafukua, anaweka nyasi kavu, anapuliza polepole, moto huo. Mama hakuwa na salamu nyingine alfajiri. Bado yuko kitandani utamsikia anapaza sauti, "Moto umefunuliwaaa?" Siyo umelalaje, siyo hujambo.

"Ndiyo hivyo hivyo," Mzee akasema. "Mbegu kavu imefukia moto. Haijauzima. Lakini uikaushe kwanza, ndipo uifunge. Kwanza kausha. Ukiifunga na unyevu, moto haujafukiwa. Unawaka, unakula akiba yote ya mle ndani, mpaka unajila wenyewe. Wenyewe."

Hayo niliyasikia. Nataka mjue kwamba niliyasikia.

Wembe alinipa kwa sababu ya viazi. Aliniona namenya viazi vya chai ya saa nne, ganda linatoka refu halikatiki, akasema, "Mkono huu hautetemeki." Kuanzia hapo nikawa nakata. Hapa nyie vijana mnisikilize, maana nimewaona mnavyoharakisha. Usikate mbegu kavu. Usiitumbukize kavu kwenye maji ya baridi pia, kuta zake bado zina nyufa, itavuja kabla haijajiziba. Ilaze kwenye kitambaa chenye unyevu, iamke taratibu, ianze kupumua, ipate nguvu ya kujiziba. Kesho yake ndiyo uikate katikati ya kiini, mkato mmoja, halafu kwenye ile dawa, kwenye kabati la joto. Dawa haina rangi. Penye moto, inageuka nyekundu. Pasipo na moto, panabaki peupe. Hatuwezi kuiona pumzi ya mbegu, lakini tunaona inapopita.

Kiini kikiwa chekundu chote mpaka ncha ya mzizi, huyo hai. Kikiwa cheupe chote, huyo alishakwenda. Kuna wa tatu ndiyo anasumbua: tumbo jekundu, ncha ya mzizi nyeupe. Mzee akimkuta huyo anatikisa kichwa. "Huyu yupo ndani," anasema, "ila mlango hafungui. Hafungui." Mkajifunze kwa huyo, maana huyo ndiye mtu anatamani kumhesabu hai.

Na jambo lingine. Ukitaka kujua mbegu ni hai, lazima uikate. Ukishaikata, hata kama ilikuwa hai, basi tena. Unajua habari za wale waliobaki kwenye mfuko kwa kuwaua hawa uliowashika. Nilimwambia Mzee, "Kazi hii ni kama umbea. Ukimaliza kujua ya mtu, umeshamharibu." Alicheka mpaka machozi. Alikuwa anapenda nikimtania. Saa ya chai walikuwa wananiambia, Feli, mlete Mzee, nasimama, nashusha mabega, "Mbegu inapumua, mama. Inapumua," na yeye mwenyewe amekaa pale na kikombe, anasema, "Mimi niko hivyo? Niko hivyo?" Watu chini.

Sasa nifike pale.

Mama yangu alikuwa na mahindi yake. Meupe, punje nene, kila punje ina mchirizi mwekundu kama umechorwa na kalamu. Alipewa na mama yake, naye alipewa. Hayakuwa yanazaa sana, lakini baridi ya kwetu Mufindi ilikuwa haiyawezi, na yakichomwa harufu inafika barabarani. Watu wote wa kwetu walishahamia mbegu za dukani. Mahindi haya yalibaki kwa mama tu. Kila mwaka alichagua magunzi mazuri, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika kwenye mti uliopita juu ya mafiga jikoni. Moshi unayapiga mwaka mzima, yanakauka, bungua haingii. Yanakuwa meusi kama mkaa, lakini ukimenya ganda, ndani meupe pe.

Mama alipofariki, aliyebaki nayo ni wifi yangu Skola, mke wa kaka yangu. Skola ndiye aliyemuuguza mama, siyo mimi. Mimi nilikuwa Mbeya nakata mbegu za watu.

Tumemaliza matanga, watu wamejaa jikoni, nikainua macho nikayaona yale magunzi meusi. Na mdomo wangu mnaujua. Nikasema, "Wifi Skola, mahindi gani haya yamevaa sare za wachoma mkaa? Mnapanda masizi siku hizi?" Watu wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaongeza. Nikamwigiza Skola anavyopuliza moto na mashavu, nikamwigiza na gunzi linavyokohoa moshi. Skola alicheka pia. Akasema, "Wewe Felista, wewe! Basi tuletee huo utaalamu wenu wa Mbeya." Alicheka lakini alikuwa anaangalia chini.

Nikampelekea. Msimu uliofuata, baada ya mavuno, nilimtumia kwa basi ile mifuko mipya ya plastiki nzito, inayofungwa hewa isipite. Mifuko mizuri, haina kosa lolote. Nikampigia simu: "Pukuchua yote, weka humu, kaza kamba. Usitundike tena masizi." Akaniuliza, "Yote, wifi? Hata ya juu ya mafiga?" Nikasema, "Yote." Akatii. Madebe mawili, mbegu yote ya mama, haikubaki punje juu.

Kipima unyevu nilikuwa nacho mezani pale Mbeya, sikumuuliza hata kama yamekauka. Mwezi wa saba Igowole, ukungu mpaka mchana, anika unavyoanika, punje inabaki na maji. Hata bila kipima, nilijua njia ya chupa: weka mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, iache kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo, bado mbichi. Hata jino lingemtosha. Mama alikuwaga anang'ata punje, ikilia "ka!" anasema tayari. Sikumwambia chupa, sikumwambia jino. Nilikuwa nina haraka ya kuwa mtaalamu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza ziko karibu, Skola akapiga simu, akanisalimu kikwetu.

"Wifi, kamwene. Nimefungua ule mfuko wako. Umetoka na joto. Na harufu ya pombe ya ulanzi. Ulanzi uliokaa siku tatu. Ndiyo utaalamu huo?"

Nikamwambia nitumie punje kidogo kwa basi. Akatuma kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Nikampa Mzee, nikamweleza yote, masizi na matanga na mfuko. Hakunisema. Tulilaza mia kwenye kitambaa, kesho yake nikakata mwenyewe, tukaweka kwenye dawa. Tulipofungua kabati, nilianza kuhesabu, halafu nikaacha, hapakuwa na cha kuhesabu. Weupe. Weupe. Tumbo jekundu ncha nyeupe, wengi. Wekundu mpaka nchani, watano.

Mzee akawapanga wale watano pembeni kwa kibanio, mmoja mmoja, taratibu, kama bado anaweza kuwaumiza. Akasema, "Siyo mwisho. Watano kwa mia, kwenye madebe mawili, ni bustani nzima. Ila walio hai kule ni wagonjwa, hawawezi shamba. Ukiwapanda kwenye udongo wa baridi na mvua hii, watalowa haraka, watavuja, wanaoza. Wifi yako akipiga mwambie asipande. Asipande. Alete yote hapa. Tutayaamsha kidogo kidogo kwenye mchanga wenye unyevu, karibu na joto, kila atakayetoa mzizi tunamhamishia kwenye kopo lake." Halafu akachukua koti, kulikuwa na gari linakwenda Mbalizi kuchukua sampuli za wakulima.

Skola akapiga mchana ule ule. Nasikia nyuma yake mvua inapiga bati.

"Majibu vipi? Mvua hiyo inanyesha, watu wote wako shambani."

Nikasema, "Wifi, kuna..."

"Hapana. Wewe usiniambie. Wewe ni mfagiaji mwenye maneno. Nipe mtaalamu mwenyewe, huyo mzee wako unayemwigizaga. Na kama yamekufa aniambie, niende nikawaambie watu wote wa kanisani kwamba mahindi ya mama ameyaua Felista na mfuko wake."

Alikuwa ananitania. Nusu anatania. Na mimi hapo ningesema mzee katoka. Maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Subiri nimwite." Nikapiga hatua kwenye sakafu, nzito, ka, ka, ka, asikie. Nikashusha mabega. Nikasema, "Habari mama. Mbegu zako ni nzima. Nzima. Panda tu."

"Asante mzee," Skola akasema. Sauti ilishabadilika, imekuwa ya mtoto. "Asante sana. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema mama ataniona vipi."

Simu ikakatika. Nikabaki nimesimama pale mabega yako chini. Nikajidanganya, labda yataota ya kutosha. Labda fuko watakula, tutawasingizia fuko. Kesho nitampigia. Kesho mtandao ulikuwa haushiki, keshokutwa ukashika mimi sikupiga.

Alipanda yote. Hakuacha hata kikombe.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nafuta meza, mlango ukafunguliwa, Skola huyo. Viatu vina udongo mwekundu wa kwetu. Ameshika kitenge kimefungwa fundo. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye koti jeupe.

"Wewe ndiye Mzee Anyosisye?"

"Ndiyo mama. Karibu. Karibu."

Akafungua fundo mezani. Mahindi aliyoyafukua, yamelainika, yamevimba, yananuka. Ule mchirizi mwekundu bado unaonekana. "Haya ndiyo mazima? Uliniambia kwa simu nipande. Hii ilikuwa mbegu ya mama yangu mkwe. Sina nyingine. Hakuna duka linauza hii. Nimeipanda kwa mkono wangu kwa sababu ya neno lako."

Mzee akaangalia mahindi. Halafu akainua macho, akaniangalia mimi na kitambaa changu cha kufutia. Hakuniangalia muda mrefu. Mtu anayesoma mbegu miaka yote hiyo hahitaji muda mrefu. Mimi nilikuwa na midomo ya watu ishirini siku hiyo, na hata mmoja haukufunguka.

Akasema, "Nilikosea, mama. Nilisoma vibaya. Unisamehe." Na hakurudia neno. Ndiyo mara pekee nilimsikia anaacha neno bila kulirudia.

Skola akamwangalia kwa muda. Akafunga fundo lake, akasema, "Haya," akatoka. Nilimfuata mpaka stendi, nikambebea mfuko, nikamnunulia mkate, nikaongea habari za watoto. Hakunijibu mengi. Basi likaondoka.

Niliporudi Mzee alikuwa anaosha visahani, kazi yangu ile. Nikaanza kulia. Akasema, "Felista, leo na mimi nimesema uongo. Ulikuwa peke yako, sasa tuko wawili. Utamwambia lini?"

"Nitamwambia, mzee."

"Lini?"

Basi kila mwaka, mvua za kwanza zikipiga bati la maabara, yeye ananipita na visahani vyake, ananiuliza kwa sauti ndogo, "Umemwambia?" Ni hilo tu. Hakunidharau, hakuninyang'anya wembe. Sampuli ngumu alikuwa ananipa mimi. Akastaafu, akawa anapiga simu mwezi wa kumi na moja: "Felista, hujambo? Umemwambia?" Mwaka mmoja simu haikuja. Ndiyo tukaenda Tukuyu kuzika. Msiba wa Kinyakyusa mnaujua, watu kama mkutano. Wale wa maabara wakanisukuma, "Bi Feli, tumuage kwa sauti yake, mlete Mzee mara ya mwisho." Nikasimama. Nikashusha mabega. Mdomo nikaufungua, hakuna kilichotoka. Wakadhani ni uchungu, wakanikalisha, wakanipa maji. Sauti ile sijaitoa tena mpaka leo ninavyokusimulia, Atupele, na leo nimeitoa kwa sababu bila hiyo msingemjua.

Mlivyoniaga, wiki ya pili nikapanda basi kwenda Igowole. Mwezi wa kumi na moja. Skola amezeeka, mgongo umeinama, lakini jiko ni lile lile. Nilimkuta anamenya viazi. Nikachukua kisu, nikakaa kwenye kigoda, nikamenya naye. Nikamwambia. Nilianza na simu, nikaishia na Mzee kubeba kosa langu. Sikumwigiza mtu yeyote.

Hakuacha kumenya. Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mzee alivyofungua mdomo kule Mbeya. Yule wa kwenye simu alikuwa anapumua kwa pua kabla hajaongea, kama mtu anazuia kicheko. Ni wewe huyo. Tangu tuko wasichana, ukitaka kudanganya unapumua kwa pua."

"Sasa wifi, mbona hukusema?"

"Nikuambie mimi? Nilikuwa nakusubiri. Nikasema atakuja Krismasi. Krismasi ikapita, nikasema atakuja Pasaka." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Mahindi nilishayalilia yakaisha. Yule mzee alinisikitisha. Mtu mzima ananiomba msamaha wa kosa la mwingine, na mimi nimefunga fundo langu nikatoka kama simwelewi. Nilitaka siku moja nimwambie kwamba nilimwelewa. Yuko?"

"Alishakufa, Skola."

Kisu chake kikasimama. Nikainua macho juu ya mafiga. Ule mti wa mama bado umepita pale, mweusi unang'aa, na kamba za kufungia magunzi zinaning'inia, kila moja na fundo lake, tupu. Miaka yote hiyo hakuziondoa.

"Niliziacha tu," akasema.

Tukamaliza viazi. Akakusanya maganda. Mvua ikaanza kudondoka nje. Kisha akasema, bila kuniangalia, kama mtu anaomba chumvi, "Wewe si bado una sauti za watu. Hebu mwite mama."

Nikamwambia siwezi. Nilijaribu ya Mzee msibani ikakataa, na ya mama sijaitoa tangu tumzike.

"Jaribu."

Nikaweka kisu chini. Nikafumba macho. Nikatafuta mbali huko, nikaogopa nitakuta peupe. Halafu ikaja, nyembamba, ya mtu aliye bado kitandani asubuhi ya baridi:

"Skolaaa! Moto umefunuliwaaa?"

Skola alikuwa ameinama kwenye mafiga, mkono uko majivuni.

"Bado, mama," akasema.